Klachi inateleza? Tazama waya kwanza
Umeinua usukani wa Honda XR yako, ukaweka na pistoni kubwa, sasa kwenye mlima injini inalia na pikipiki haiendi. Kabla fundi hajafungua kifuniko, bonyeza mkono wa klachi: ncha yake icheze bure kama milimita 10 hadi 20 ndipo ianze kuvuta. Kisha zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Ule mchezo ukipotea upande mmoja, waya wa zamani ni mfupi kwa usukani mpya na unaivuta klachi muda wote. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, na sahani mpya za klachi nilishanunua!

Waya ukiwa sawa, soma kopo la oili. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, yaani oili ya pikipiki ambazo klachi yake hulowa kwenye oili ya injini. Oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vinavyozitelezesha sahani.

Ukilazimika kufungua, laza sahani za chuma juu ya kioo. Iliyopinda au iliyogeuka bluu, tupa. Sahani za msuguano, zile zinazozishika za chuma, zikiwa mpya zilale kwenye oili usiku kucha. Kwa pistoni kubwa mimi huweka na springi za klachi zilizo ngumu zaidi. Kwenye foleni vidole vinalalamika kidogo.