Vairasi inaeza kuua hadi diski? Mambo ya kuzingatia kabla haijakufikia

Wacha nianze na jibu, juu najua kuna mtu anasoma hii laptopu ikiwa imegoma hapo mbele yake. Vairasi karibu siku zote haivunji hadi diski, yaani hard disk, ile inaweka faili zako zote. Inaharibu kilichoandikwa ndani ya diski, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kuyachanganya ndiko kunafanya watu hapa Nairobi wapoteze pesa, picha za watoto na kazi ya chuo ya miaka mitatu. Mtu anaenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki, ananunua diski mpya na ile yake ilikuwa nzima, ilitaka tu kusafishwa. Alafu kuna yule mwingine, na huyu ndio ananiumiza roho zaidi, diski yake inakufa kweli lakini yeye ameshikilia ni vairasi, kwa hivo anawasha antivairasi iskani kila kitu usiku kucha, na huko kuskani ni kuilazimisha diski mgonjwa isome kila kona yake, asubuhi anapata imeisha kabisa na kile kingeokolewa hakiokoleki tena. Ndio maana nasema hii kazi ya kutofautisha ifanywe sahii, mashine ikiwa poa, si siku ya shida.

Kwanza elewa kwanini vairasi haina nguvu hiyo watu wanaipatia. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna visahani vinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, na unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000 hivi. Ukiona hizo namba unaelewa kwanini kuangusha diski ikiwa inazunguka kunaimaliza mara moja. Lakini vairasi ni programu, na programu haikishiki hicho kichwa moja kwa moja. Diski ina bodi yake, prosesa yake ndogo na famuwea yake, yaani programu iliyowekwa ndani ya diski kuiendesha, kwa hivo vairasi inaomba tu andika hapa, soma pale, futa hii, vile programu yoyote ingeomba, na bodi ya diski ndio inaamua kichwa kiende wapi na kwa mwendo gani.

Hii imani ya vairasi kuchoma mashine ina mahali ilitoka. Mwaka 1998 kulitokea vairasi inaitwa CIH, iliandikwa na Chen Ing-hau huko Taiwan, na tarehe 26 Aprili 1999 ikalipuka kwa kompyuta za Windows 95 na 98 sehemu nyingi duniani. Ilikuwa inaandika takataka juu ya megabaiti ya kwanza ya diski, alafu inajaribu kufuta chipu ya BIOS, ile programu inaamsha mashine kabla ya Windows. Mashine haikuwaka kabisa, skrini nyeusi, na ukiwa mtu wa kawaida utasema imeungua. Lakini diski yenyewe ilikuwa nzima, ukiipanga upya inafanya kazi. Kilichosumbua ni ile chipu, ilibidi itolewe iandikwe upya ama ununue madabodi ingine, ile bodi kuu ya kompyuta. Shamoon nayo mwaka 2012 ilifuta kompyuta kama 30,000 za Saudi Aramco, kampuni ya mafuta, hasara kubwa sana, na bado ilichofanya ni kufuta, si kuvunja.

Kuna moja ilivunja chuma kweli, hiyo ni Stuxnet, iligunduliwa 2010, ikaharibu mashine za kusafisha urani huko Natanz, Iran. Lakini angalia ilivyofanya, zile mashine mwendo wake unaongozwa na kompyuta, kwa hivo ikabadilisha mwendo. Hadi diski yako haipatii Windows nafasi ya kuchagua izunguke na mwendo gani.

Penye naweza kukubali hofu ni mahali pawili. Famuwea ya diski inaweza kuandikwa upya, Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walionyesha hiyo mwaka 2015 walipoeleza kundi walilipatia jina Equation Group, ambalo liliingia kwa famuwea ya diski za kampuni kadhaa, Seagate na Western Digital wakiwemo. Nia ilikuwa kujificha mahali kufomati hakufiki, na wale huwa wanawinda watu maalum, si mtu wa kuprinti na kutoa kopi Githurai. Ya pili ni SSD, ile diski ya chipu tupu, haina kitu kinazunguka. SSD inachakaa kwa kuandikwa, na nyingi za GB 250 hivi zinakuja na kiwango cha kati ya terabaiti 60 na 150 za kuandikwa kabla dhamana iishe. Programu ikikaa inaandika megabaiti 100 kila sekunde bila kupumzika, terabaiti 100 inaisha kwa siku chini ya 12. Haimaanishi itakufa hapo hapo, lakini umri wake umekulwa, na mwaka 2021 watu waliotumia SSD za kawaida kuchimba sarafu ya kidijitali ya Chia walizichosha hivo hivo wenyewe, bila vairasi. Kwa hivo SSD yako ikianza kuandika mchana na usiku na wewe hufanyi kitu, usipuuze.

Sasa, cha kufanya kabla. Cha kwanza kabisa, na hapa nataka utulie, pima afya ya diski leo na uweke rekodi. Kila diski ya siku hizi ina kitu kinaitwa SMART, inajiandikia yenyewe hali yake. Kwa Windows weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, kwa Linux kuna smartctl. Usiishie kwa lile neno kubwa la kusema diski iko sawa, shuka chini uangalie mstari wa 05, ambao unahesabu sehemu mbovu zimeshahamishwa, alafu C5, hizo ni sehemu zinasubiri kuamuliwa, alafu C6, zile zimeshindikana kusomeka. Kwa diski ya kuzunguka hizo tatu unataka ziwe sifuri. Zikiwa zinapanda wiki baada ya wiki diski inakufa, na hakuna antivairasi itaitibu. Jihadhari, hiyo programu ikifunguka mara ya kwanza namba huwa kwa heksa, hesabu ya kumi na sita badala ya kumi, ukiona 64 ujue ni 100. Kuna mstari mwingine watu huruka, C7, ukiona unapanda wakati ile mingine iko sifuri, shida mara nyingi ni kebo, na kebo ni pesa kidogo sana ukilinganisha na diski. Piga skrinshoti ujitumie kwa imeili, ndio siku mashine ikigoma uwe na kitu cha kulinganisha.

Na kama unanunua laptopu ya mitumba, zile za eks-UK, zilizotumika Uingereza, fanya hii kabla pesa haijatoka kwa simu. Angalia masaa diski imefanya kazi. Muuzaji akikataa uchomeke flashi yenye hiyo programu, mimi ningeondoka tu, maduka ni mengi.

Stima nayo ipewe lawama yake. Inapotea diski ikiwa katikati ya kuandika, inarudi na nguvu isiyoeleweka, alafu asubuhi Windows haiamki na kila mtu kwa ofisi anasema ni vairasi. Kwa desktopu tafuta UPS, ile betri ya akiba, hata ndogo, si ya kufanya kazi nayo masaa, ni ya kukupatia dakika uzime vizuri. Na laptopu yenye diski ya kuzunguka izimwe kabisa kabla uingie matatu, si kufunga tu kifuniko ukitumaini imelala.

Bakapu. Najua umechoka kuambiwa lakini hebu nisikize, juu watu wengi wana kitu wanaita bakapu na si bakapu. Diski ya nje imechomekwa kwa kompyuta mwaka mzima si bakapu, vairasi za kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, zinafunga kila kitu zinachofikia na hiyo diski ya nje ikiwemo. Nakili, chomoa, weka kwa droo. Kusinki na Google Drive peke yake pia hakutoshi, faili ikifungwa kwa kompyuta ile iliyofungwa ndio inapanda juu, ingawa huwa unaweza kurudisha toleo la zamani kwa muda wa siku 30 hivi, kwa hivo jifunze sahii hiyo menyu iko wapi. Nakala tatu, kwa vitu viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumba ama duka, hata kwa dada yako Rongai. Alafu mara moja moja fungua hiyo bakapu uone kama picha zinafunguka kweli, bakapu haijawahi kufunguliwa huwezi kuitegemea.

Flashi za saiba. Ukienda kuprinti fomu ya KRA ama barua ya kazi, enda na flashi ya hiyo kazi tu, isiwe ndio ile iko na kila kitu chako, ama tuma kwa imeili uprinti kutoka huko. Ukirudi na flashi folda zote zimekuwa shotikati, usikubali mtu aifomati. Mara nyingi faili ziko hapo hapo, zimefichwa tu. Usibofye hizo shotikati. Skani flashi kwanza, alafu fungua ile skrini ya kuandika amri na uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukibadilisha F na herufi ya flashi yako, na faili zinarudi kuonekana.

Tengeneza pia flashi ya kuweka Windows, inataka GB 8 kwenda juu, na uitengeneze ukitumia kompyuta safi. Kama laptopu yako inatumia BitLocker, ile ya Windows inafunga diski kwa siri, tafuta funguo ya kurejesha uiandike kwa karatasi, bila hiyo hata fundi mzuri namna gani hatakusaidia. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivo kama bado uko huko bila mpango mwingine, hapo ndio mlango uko wazi. Wenye saiba na maduka ya kopi, zile skani za vitambulisho vya wateja mnaacha kwa desktopu zifuteni, juu sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakutaka umwarifu Kamishna wa Data ndani ya masaa 72 zikivuja kwa njia inayoweza kuumiza watu.

Ikifika siku imegoma, angalia mambo haya kabla upigie fundi. BIOS inaiona diski? Kama haionekani hata huko, kabla Windows kuamka, shuku diski ama kebo kwanza. Inalia tik tik tik? Zima, usiiwashe tena kuhakikisha. Lakini kama diski iko kimya, SMART yake ni ile ile ya skrinshoti, na faili zimepata majina ya ajabu na barua ya kudai pesa, hiyo ni vairasi, na diski ni nzima. Chomoa intaneti, usilipe haraka, weka nakala ya faili zilizofungwa na uangalie nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, wana programu za bure za kufungua faili zilizofungwa na baadhi ya hizo vairasi.

Ukimpelekea fundi, mwambie kwa mdomo na umwandikie kwa karatasi: usifomati, nakili diski yote kwa diski ingine kwanza, alafu usafishe ama urejeshe kutoka kwa hiyo nakala. Fundi anayejua kazi atakuelewa, pengine atakuambia atatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mgonjwa, na hapo unaweza kutulia kidogo. Lakini akishika bisibisi aanze kufungua kifuniko cha diski hapo juu ya meza, na vumbi la barabara linaingia dukani, mwambie polepole, boss, wacha kwanza, na uichukue diski yako.