Mkoba wa ngozi wa bastola ya muundo wa zamani: ushone mwenyewe au ununue uliokamilika

Somo hili ni la wenye leseni, pamoja na mafundi ngozi wa Dodoma na Singida wanaoletewa kazi hii. Bastola yenyewe haiundwi nyumbani: silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na bila kibali hakuna mjadala. Mkoba ni jambo jingine. Huo unaweza kushonwa kwenye kibaraza cha fundi viatu ukawa bora kuliko wa dukani, au ukawa hatari kuliko kutokuwa na mkoba kabisa.

Tutumie mfano wa M1911, bastola ya John Browning ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911. Ina urefu wa milimita 216, mtutu wa milimita 127, na uzito unaozidi kilo moja hata ikiwa tupu. Chuma kizito namna hiyo hakisamehi ngozi dhaifu. Wiki chache tu mdomo unalegea na mkanda unalalia upande mmoja.

Ngozi ndiyo inayoamua

Kabla ya kuuliza bei ya mshono, uliza ngozi ilitengenezwa kwa dawa gani. Inayotakiwa ni ya ng'ombe, iliyolainishwa kwa magome (dawa ya miwati, ile inayotoka Njombe, inafaa sana), yenye unene wa milimita 3 hadi 3.5. Ngozi nyingi wanayouziwa mafundi viatu ni ya kromi. Ni laini, inapendeza kwa kiatu, lakini haishiki umbo ikilowekwa, na chumvi zake hula chuma.

Kuzitofautisha ni rahisi. Kata ukingo uangalie katikati: ya magome ni kahawia mpaka ndani, ya kromi mara nyingi ina rangi ya kijivu au buluu. Ukiwa bado na shaka, choma kijipande kwa kiberiti. Ya kromi huacha majivu yenye ukijani. Njia ya tatu ni maji yanayochemka: ya magome hujikunja na kukakamaa papo hapo, ya kromi hubaki karibu ilivyokuwa.

Ukikosa ngozi ya magome, usishone. Nunua mkoba uliokamilika.

Hatua ya 1: kalibu

Usimwachie fundi bastola yako hata kwa saa moja. Mpelekee kalibu ya mbao. Chukua kipande cha mninga, ukiranda mpaka unene wa milimita 23, ambao ndio upana wa chuma cha juu cha M1911, kisha uchonge umbo la mtutu na kinga ya kifyatulio. Mpini usichongwe kabisa. Mkoba hauuhitaji, na kalibu isiyo na mpini haiwezi kudhaniwa kuwa silaha barabarani. Juu, pale pembe ya kulengea inapopita, gundisha kijiti cha duara cha milimita 6 kwa urefu wote. Kijiti hicho ndicho kinachoacha mfereji; bila mfereji pembe ya mbele itakwaruza ngozi kila unapochomoa.

Paka kalibu vanishi mara mbili, vinginevyo mbao itafyonza maji ya ngozi na kuvimba.

Hatua ya 2: kupima na kukata

Muundo rahisi ni mkoba bapa wa vipande viwili, kila kimoja takribani sentimita 22 kwa 20. Futi moja na nusu ya mraba inatosha pamoja na masalio. Laza kalibu kwenye katoni, chora mzunguko wake, halafu mstari wa mshono uende nje ya mchoro huo kwa nusu ya unene wa silaha ukijumlisha unene wa ngozi: 11.5 na 3.3, yaani karibu milimita 15. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaacha milimita 8, mkoba unabana kama koleo, kisha wanaupaka mafuta ili ulegee, na umbo linapotea.

Kinga ya kifyatulio ifunikwe yote, pande zote mbili, kidole kisipate pa kupenya. Matundu ya mkanda wa milimita 38 yawe na urefu wa milimita 40, na yatobolewe kabla ya kushona.

Kwenye mdomo, upande wa mwilini, shonea ukanda wa ziada wa ngozi wenye upana wa milimita 30. Usiuone kama pambo. Mdomo usio na ukanda huu hujikunja ndani silaha ikitoka, na siku moja ile ngozi iliyokunjika inaingia kwenye kifyatulio wakati unairudisha. Silaha imeshalipuka kwa njia hiyo kwa watu wengi.

Hatua ya 3: kushona

Gundisha kingo, toboa kwa msharasi kila milimita 4, ukiushika wima kabisa. Ukilala kidogo tu, upande wa pili mshono unatoka kama nyoka. Uzi uwe wa poliesta wa milimita 0.8 hadi 1, uliopakwa nta ya nyuki, wenye urefu wa mara 4 ya mshono. Tumia sindano mbili, kila moja ikipita tundu lilelile kutoka upande wake, ili uzi mmoja ukikatika wa pili ubaki umeshika. Mshono wa cherehani haufanyi hivyo. Maliza kwa kurudi nyuma matundu matatu.

Hatua ya 4: kulowesha na kukausha

Zamisha mkoba kwenye maji ya vuguvugu mpaka mapovu yapungue, sekunde 15 au 20. Utoe, usubiri rangi ya juu ianze kurudi, ndipo uingize kalibu. Finyanga kwa kipande cha mfupa au mti mgumu, ukifuata kinga ya kifyatulio na kingo za chuma. Usitumie kijiko cha chuma: chuma kikigusa ngozi ya magome iliyolowa huacha doa jeusi.

Kukausha ndiko kunakotushinda Dodoma, hasa kiangazi pepo zinapovuma. Hewa kavu hukausha juu kabla ya ndani, na uso wa ngozi unapasuka nyufa ndogondogo. Kwa saa 6 za kwanza funika mkoba kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya beseni, kisha uweke kivulini saa 24 nyingine. Juani, juu ya bati au kwenye dashibodi ya gari ni marufuku.

Kingo zipigwe msasa namba 220, kisha 400, zisuguliwe kwa nta na kitambaa kigumu mpaka zing'ae.

Jaribio la mwisho linafanywa na silaha halisi: magazini nje, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi ziko chumba kingine. Pindua mkoba juu chini na uutikise taratibu juu ya godoro. Silaha isianguke, na mkono mmoja utoshe kuichomoa.

Ukinunua

Angalia mambo matatu: ngozi gani, mdomo una ukanda wa kuushikilia au hauna, na umeundwa kwa mtutu wa urefu gani. Jina la bastola pekee halitoshi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Manyoni:* Mkuu, huku mafuta ya alizeti ni mengi. Naweza kuyapaka ngozi isikauke?
Hapana. Yataulegeza mkoba, na baada ya muda yananata na kushika vumbi. Nta ya nyuki mnayo, tena nzuri. Paka nyembamba sana kwa nje, usugue mpaka iishe mkononi.

*Kutoka Kondoa:* Nimeshona kwa vipimo hivi, bado inabana.
Ni kawaida kwa mkoba mpya. Funga kalibu kwa tabaka mbili za plastiki nyembamba ya kufungia chakula, isukume ndani, iache usiku kucha. Rudia kama inabidi. Usiloweshe tena mkoba mzima.

*Kutoka Mpwapwa:* Shikamoo fundi. Ngozi ya mbuzi ipo ya kutosha, inafaa?
Marahaba. Ni nyembamba mno kuwa mwili wa mkoba, hata ukibandika mbili. Itumie kwa bitana tu, nayo iwe ya magome.

*Kutoka Chang'ombe, Dodoma:* Doa jeusi limeshatokea. Kuna dawa?
Kamua limau, upake mahali penye doa, usubiri dakika chache, kisha ufute kwa maji safi. Fanya hivyo kabla ya nta. Ukichelewa, tia rangi nyeusi mkoba wote.

*Kutoka Kongwa:* Naweza kulaza bastola ndani ya mkoba usiku?
Usifanye hivyo. Ngozi hushika unyevu wa jasho, na chuma kinapata kutu upande ule uliogusana nayo. Ukiivua, ifute, ipake mafuta kidogo, ifungie kwenye kasiki, mkoba ubaki nje.

*Kutoka Singida:* Nataka kamba ya kufunga juu, yenye kifungo cha kubonyeza. Ipite wapi?
Ipite nyuma ya nyundo, mbali na kizuizi cha usalama cha upande wa kushoto. Funga na ufungue mara ishirini na silaha tupu, ukiangalia kizuizi kila mara. Kikisogea hata kidogo, kata kamba uanze upya.

*Kutoka Bahi:* Nimeuziwa mkoba wa M1911, yangu ni fupi, mtutu milimita 108. Inaingia vizuri tu.
Inaingia, ila ncha ya mtutu inaning'inia ndani bila kushikwa. Hakikisha imetulia kwenye kinga ya kifyatulio na haichezi ukitembea. Ikicheza, rudisha kwa muuzaji.