SOMO: Namna ya kujua kama chanzo cha historia kinaaminika

Wakuu salaam. Kwenye mabishano ya historia kila mtu anakuja na kitabu chake ila hakuna anayeuliza mwandishi mwenyewe kayatoa wapi hayo maneno, na hilo ndo swali lenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta miaka miwili, wa tukio na wa kuandikwa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa 1331, lakini safari zake zilimalizika kuandikwa 1355, yeye anasimulia Ibn Juzayy anaandika. Miaka 24 hapo. Sio kwamba kadanganya, ila kumbukumbu inachakaa, na kuna vipande mule vimechukuliwa kwa Ibn Jubayr aliyesafiri zaidi ya karne moja kabla yake.

Hatua ya 2: Aliandika ili nani asome? Ripoti ya kwenda kwa bosi na barua ya kwenda kwa mke hazisemi kitu kimoja.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi tunaanguka. Linganisha na chanzo kingine, ila hakikisha ni kingine kweli. 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza limepata shajara za Hitler, wataalamu wa mwandiko wakalinganisha wakasema ni zake, kumbe baadhi ya karatasi walizopewa za kulinganishia zilighushiwa na jamaa yule yule aliyeghushi shajara zenyewe! Kilichomuumbua ni karatasi zenyewe, zilikutwa na kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutumika baada ya vita.

MASWALI

Mkuu, vipi masimulizi ya mdomo?
Yanapimwa hivyo hivyo. Mfano Tarikh ya Kilwa, yaani habari za masultani wake zilizosimuliwa kisha zikaandikwa: tunayo ya Kiarabu na nyingine kwa Kireno kwenye kitabu cha João de Barros cha 1552, na orodha za masultani hazifanani. Ila jina la sultani Ali bin al-Hasan limekutwa pia kwenye sarafu za zamani, sarafu haijanakili kitabu, hapo unapata nguvu.

Chanzo chenye upendeleo nikitupe?
Usitupe kabisa. Mtu anayejisifia anakuonyesha enzi zake sifa ilikuwa nini, na akikiri jambo linalomuumiza mwenyewe, hilo lipe uzito sana.

Na kama ninacho kimoja tu?
Kitumie, ila andika "kwa mujibu wa fulani", usiandike kama vile ulikuwepo.