Baiskeli juu ya tuta la reli: kutoka Pittsburgh hadi Cumberland, hatua kwa hatua

Njia hii inaitwa Great Allegheny Passage. Tunaoizoea tunaiita GAP. Ni kilomita 240 hivi, kutoka Pittsburgh, Pennsylvania, hadi Cumberland, Maryland, na karibu yote imelazwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa. Hakuna kiingilio wala kibali, na kwa sehemu kubwa magari hukutana nayo kwenye vivuko tu. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986. Cha mwisho, ndani ya Pittsburgh, kilikamilika 2013. Kila anayeniuliza habari zake huanza na milima. Milima si tatizo. Tatizo ni makalio.

Kichwa cha treni kinachovuta mabehewa ya makaa hakiwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo wahandisi waliizungusha reli kando ya mto, wakatoboa mahandaki na kujenga madaraja, ili mwinuko ubaki mdogo: upande wa Pittsburgh chini ya asilimia moja, upande wa Cumberland chini ya asilimia mbili. Miguu inafurahi. Lakini kwenye barabara ya kawaida ukipanda utashuka, na ukishuka unaacha kukanyaga, unainuka kwenye kiti, damu inatembea. Hapa kwa kilomita 200 hakuna mteremko wa maana. Unakanyaga asubuhi hadi jioni, umekaa vilevile. Mengi ya ushauri ulio hapa chini yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua upande na majira

Pittsburgh iko mita 220 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha njia kiko mita 729, na Cumberland iko chini ya mita 200. Ukianzia Pittsburgh, unapanda mita 500 taratibu kwa kilomita 200, kisha unateremka kilomita 38 za mwisho. Mgeni namshauri aanzie Pittsburgh. Vijana wenye kasi watakwambia uanzie Cumberland ili umalize kazi siku ya kwanza. Hoja wanayo, ila kupanda kilomita 38 mfululizo na mizigo, mwili haujazoea kiti, si mwanzo mzuri.

Vibao vya maili vinahesabu kutoka Cumberland: sifuri kule, 150 Pittsburgh. Ukitokea Pittsburgh namba zinapungua, jambo linalotia moyo saa tisa alasiri.

Majira mazuri ni Mei, Septemba na Oktoba. Handaki la Big Savage, karibu na kilele, hufungwa msimu wa baridi, kwa kawaida Desemba hadi mwanzoni mwa Aprili, na njia ya kulizunguka ni ya milima yenye magari. Hakikisha liko wazi kabla ya kuomba likizo kazini.

Hatua ya 2: Tengeneza baiskeli, hasa kiti

Huhitaji baiskeli ya bei mbaya. Unahitaji tairi la milimita 35 au zaidi, gia nyepesi kiasi, kerieri imara na madigadi. Uso wa njia ni changarawe laini ya chokaa iliyoshindiliwa. Ikikauka ni tamu. Ikilowa inakuwa uji, inaingia kwenye cheni na kula mpira wa breki. Beba kitambaa, ufute cheni kila jioni, na utie mafuta tone moja kwa kila pingili. Mafuta mengi hukusanya vumbi tu.

Kiti kipe nusu saa yako. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya mguu kwenye pedali, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hapo ndipo penyewe. Kisha tazama pua ya kiti: ilale sawa, au ishuke kidogo mno. Ikinyanyuka utafa ganzi kabla ya chakula cha mchana. Usinunue kiti kipya wiki ya safari, hata kama ni laini. Laini sana ndiyo inayochubua. Suruali ya baiskeli yenye pedi ivaliwe bila chupi ndani. Wengi hawaambiwi, wanabaki kuilaumu suruali.

Hatua ya 3: Funga mizigo chini

Mifuko miwili ya pembeni mwa kerieri inatosha kwa anayelala nyumba za wageni. Vizito viwe chini, pande zote zilingane. Cha juu kifunge kwa mpira wa tyubu kuukuu, uleule unaofunga magunia ya mkaa kwetu. Hakuna kamba ya dukani inayoushinda. Usisahau tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, taa ya mbele na ya nyuma, koti jepesi na kengele.

Hatua ya 4: Gawa siku kwa miji

Reli ilikata siku zako tayari: miji imejipanga palipokuwa na stesheni. Mpango wangu kwa mtu wa kawaida ni siku nne. Ya kwanza, Pittsburgh hadi West Newton, kilomita 56. Ya pili, West Newton hadi Ohiopyle, kama 68. Ya tatu, Ohiopyle hadi Meyersdale, 64. Ya nne, Meyersdale hadi Cumberland, 51.

Katikati pana mapengo yasiyo na duka. Jaza maji kila mji, usisubiri chupa iishe. Vijito vingine upande wa West Newton vina rangi ya kutu; ni maji yanayotoka kwenye migodi ya zamani ya makaa, yasikutamanishe.

Hatua ya 5: Jifunze kukaa kulia

Sisi tuliokulia Tanzania, Kenya au Uganda mkono unatupeleka kushoto wenyewe. Hapa kaa kulia, pita wengine kushoto kwao, na piga kengele mapema, hasa kwa wazee na wenye mbwa. Kwenye kivuko cha barabara tazama kushoto kwanza.

Kwa ajili ya makalio, tumia vibao vya maili kama kengele yako: kila ukiona kimoja, simama juu ya pedali kwa mizunguko ishirini. Fanya hivyo tangu kibao cha kwanza, kabla hujaumia. Badilisha pia mahali pa mikono kwenye hendeli. Viganja navyo hufa ganzi.

Hatua ya 6: Fuata mto

Unatoka mjini kando ya mto Monongahela, ukipita Homestead, ambako safu ya mabomba ya moshi imebaki imesimama peke yake, kiwanda cha chuma hakipo tena. McKeesport unaushika mto Youghiogheny. Kuanzia hapo ni kivuli, na ng'ambo ya mto treni za mizigo bado zinapita, usiku zitakuamsha.

Ohiopyle pumzika nusu siku. Mto unajikunja pale, una maporomoko, nawe unauvuka kwa madaraja mawili ya reli. Kwenye mji wa Confluence mito mitatu inakutana, na kutoka hapo unaufuata mto Casselman. Mwinuko wenyewe unaongezeka bila jicho kuuona: utadhani upepo unakupinga au breki imeshika. Si hivyo, unapanda. Punguza gia moja, uendelee na mambo yako.

Karibu na Meyersdale unavuka daraja la Salisbury, mita 582, juu kabisa ya bonde, magari yakipita chini yako. Upepo ukivuma kwa ubavu, shuka uikokote baiskeli. Hakuna anayekuangalia.

Reli ya kipande hiki, ya kampuni ya Western Maryland, ilifunguliwa 1912 ikafungwa 1975. Tangu 1983 sheria ya Marekani inaruhusu reli iliyoachwa kutunzwa kama njia ya watu huku ikibaki akiba, endapo treni zitahitajika tena. Kwetu hakuna mpango wa namna hiyo, kwa hiyo usiige mtindo huu juu ya mataruma yenye majani. Mjini Moshi, Tanzania, abiria walikaa miaka ishirini na zaidi bila treni ya kutoka Dar es Salaam, na Desemba 2019 ikarudi.

Hatua ya 7: Kilele, giza na mteremko

Kwenye kilele maji yanagawanyika: ya magharibi yanakwenda Ghuba ya Meksiko, ya mashariki ghuba ya Chesapeake. Vaa koti hapohapo, maana handaki la Big Savage lina urefu wa kilomita moja na baridi yake haijui Julai. Washa taa zote mbili. Borden, linalofuata, ni fupi lakini giza lake ni zito zaidi. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia.

Kisha unashuka hadi mjini. Breki zishikwe na kuachiwa, zisishikwe mfululizo. Kutoka Frostburg kuna reli pembeni yako, ya treni ya watalii, na handaki la Brush mnalitumia pamoja nayo. Ukisikia honi, subiri nje.

Hatua ya 8: Kurudi

Treni ya abiria ya kampuni ya Amtrak inasimama Cumberland na Connellsville (mji ulio kati ya West Newton na Ohiopyle) na inarudi Pittsburgh. Nafasi za baiskeli ni chache na lazima ziwekwe mapema pamoja na tiketi. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote katika orodha hii. Connellsville ni mlango wa kutokea pia kwa aliyechoka katikati.

Anayetaka kuendelea hadi Washington, njia ya kando ya mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio inaanzia hapohapo Cumberland: maili 184.5, karibu kilomita 297. Sehemu nyingi ni udongo. Ulizia mvua ya wiki hiyo, na kama imenyesha siku tatu mfululizo, panda treni.