Sanrufu ikigoma, pima kabla ya kununua mota

Gari la zamani linalolala Shangani au Mikindani, hapa Mtwara, hupigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana, na sanrufu, yaani kioo cha dari kinachofunguka, haikumbukwi mpaka siku inapogoma ikiwa wazi na wingu limetanda. Jibu la haraka la gereji huwa "mota imekufa". Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari), au reli ambamo kioo huteleza imejaa mchanga.

Kama mvua inakuja, funga kwanza kwa mkono. Ng'oa kifuniko cha taa ya kusomea, au kizibo kidogo kwenye dari kwa nyuma, utaona tundu la pembe sita kwenye mota. Ingiza spana ya L (4 au 5 mm kwa magari mengi) na uzungushe polepole. Baadhi ya mota hudai uisukume spana juu kidogo ndipo gia iachie. Ikiwa nzito ghafla, acha hapo. Ukilazimisha utakata kebo.

Sasa tafuta ugonjwa. Washa injini, zima redio, bonyeza swichi na usikilize. Kimya kabisa ni tatizo la umeme. Mota ikivuma na kioo hakisogei, gia au kebo imelika. Kioo kikienda kidogo kisha kikasimama au kurudi, kuna kizuizi kwenye reli, au mota imesahau mahali pa kuanzia.

Kwa umeme, anza na fyuzi. Nyingi ni za ampea 20 au 30. Soma kwenye mfuniko wa boksi, usikisie. Iguse kwa testa pande zote mbili swichi ya gari ikiwa ON, kwa sababu fyuzi huweza kuonekana nzima kumbe imekatika. Kama ina rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), ibadilishe na nyingine ya aina ileile kwenye boksi hilohilo ujaribu.

Kisha nenda kwenye plagi ya mota. Mota ya nyaya mbili hupata volti 12 ukifungua, na ukifunga chanya na hasi hubadilishana. Yenye nyaya nyingi ina kompyuta yake ndani: hiyo utaikuta na volti 12 muda wote, ethi, na nyaya nyembamba za swichi. Pima plagi ikiwa imechomekwa na mtu akibonyeza swichi. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6 hivi, kwenye plagi ikishuka chini ya 11 wakati wa kazi, umeme unapotelea njiani. Hapa kwetu pa kuangalia kwanza ni bolti ya ethi na pini zilizoota ukijani. Piga msasa bolti, safisha pini kwa dawa ya kontakti na brashi ya meno, kisha paka grisi nyembamba. Gari lililowahi kubeba salfa ya mikorosho likaguliwe zaidi, maana ule unga hupenya hadi kwenye dari na huifanya shaba kuwa nyeusi.

Mota ya nyaya mbili unaweza kuichomoa na kuipa umeme wa betri moja kwa moja, ukipitisha kwenye fyuzi ya ampea 20. Ikizunguka vizuri pande zote, hela yako ya mota ibaki mfukoni. Yenye kompyuta usiijaribu hivyo, utaiunguza.

Ikibidi kushusha dari, toa kichwa hasi cha betri na usubiri dakika kadhaa, kwani magari mengi yana eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) pembeni mwa dari.

Reli ndizo zinazosumbua zaidi, hasa kwa magari ya njia za vumbi jekundu la Newala. Vuta mchanga kwa mashine ya kufyonza vumbi, futa grisi ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha utando tu. Ukijaza, vumbi litaganda na utarudi palepale. Mpira wa kioo upakwe silikoni ya kulainisha, kamwe si oili wala mafuta ya taa.

Kioo kikienda upande, kebo moja imeruka meno. Fungua skrubu za kioo, toa mota, sogeza vibebeo viwili vinavyoshika kioo hadi mahali pa kufunga na upime kwa rula pande zote mbili. Vikilingana, rudisha mota nayo ikiwa kwenye hali ya kufunga. Kibebeo cha plastiki kilichovunjika hakigandishwi kwa gundi kikadumu. Agiza kutoka Dar ukituma picha na namba ya chesisi, si jina la gari tu, kwani modeli moja huweza kuwa na sanrufu za aina mbili.

Baada ya kukata betri, sanrufu nyingi hutaka kufundishwa upya: shikilia swichi upande wa kuinua kioo mpaka kisimame na kushtuka kidogo, kwa kawaida kati ya sekunde 10 na 30.

Kapeti likilowa, usizibe kioo kwa gundi ya silikoni. Mpira haukuundwa kuzuia maji yote. Yanayopita huangukia kwenye mfereji na kutoka kwa mirija, mara nyingi minne. Mimina nusu lita polepole kwenye kila kona. Ya mbele yatokee karibu na bawaba za mlango au gurudumu la mbele, ya nyuma karibu na bampa. Yasipotoka, maua ya mwembe uliopaki chini yake yameziba. Pitisha mshipi mnene wa kuvulia, wa mm 2, ncha ukiiyeyusha iwe duara isitoboe. Upepo wa kompresa hupachua mrija ndani ya nguzo, na hapo ndipo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku nzima.

Mwisho rekebisha kimo: mbele kioo kilingane na bati au kishuke mm 1, nyuma kilingane au kiinuke mm 1. Bana kipande cha karatasi kwenye mpira, funga, uvute. Kikitoka bila kubanwa mahali popote, legeza skrubu za kona hiyo uinue kioo kidogo.