Linux Mint ikigoma kuonyesha desktopu, jaribu nomodeset kwanza

Wale wenye kompyuta za mtumba huku Mtwara na Lindi, hasa zenye kadi ya NVIDIA, ukichomeka flashi ya Linux Mint au Ubuntu (mifumo ya bure ya kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) halafu kioo kikabaki cheusi baada ya menyu ya mwanzo, usikimbilie kumaliza bando kudanlodi faili upya. Washa tena, ikifika ile menyu bonyeza herufi e (mashine za zamani za BIOS, menyu ya flashi ya Mint inaweza kutaka Tab, na mwisho Enter badala ya F10), tafuta mstari unaoanza na linux, utaona maneno quiet splash, acha nafasi mbele yake uandike nomodeset kisha bonyeza F10. Inakubali kwa sababu unaiambia kerneli (kiini cha mfumo) iache kuendesha kadi ya picha yenyewe itumie ile picha ya kawaida iliyoandaliwa na BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), ndo maana maandishi yanaweza kuwa makubwa na video zikakwama kwama, ni sawa tu kwa muda huo.

Sasa hapa wengi ndo wanakwama: ukishamaliza kuinstoo ikawaka giza tena, rudia hivohivo (menyu isipotokea shikilia Shift, kwa mashine za UEFI, yaani BIOS ya kisasa, gonga Esc), ingia, unganisha hotspoti ya simu, fungua Driver Manager (kwa Ubuntu ni Additional Drivers) uweke draiva ya NVIDIA, kisha restati bila nomodeset.

Haitasaidia kama hata menyu yenyewe haitokei, hapo angalia flashi, kebo au kioo chenyewe. Na kama kadi ya picha ni Intel tupu usiiache nomodeset humo moja kwa moja, mashine itakuwa nzito bure.