Jinsi ya kumsikiliza Giorgio Moroder ukamuelewa (usianzie mwanzo)

Wengi wakiambiwa huyu mzee wa Kitaliano ndo kaleta disko ya mashine wanaenda kutafuta ngoma yake ya kwanza kwanza, wanakutana na Looky Looky ya 1969, kanyimbo ka kuchangamsha watoto flani hivi, wanafunga na hawarudi tena. Mi nakwambia anzia 1977.

Tafuta hedifoni, za bei yoyote ila pande zote mbili ziwe zinafanya kazi, spika ya simu hapa itakudhulumu. Weka I Feel Love, kaimba Donna Summer ila Moroder ndo kaitengeneza, ile ndefu ya karibu dakika sita, isikilize yote bila kugusa kitu. Alafu irudie, safari hii toa upande wa kulia sikiliza kushoto tu, baadae badilisha. Utaona besi ya kulia ni ile ile ya kushoto ila imecheleweshwa kiduchu sana, ndo maana ukivaa zote inakimbia vile, mkono wa binadamu hauwezi. Na kweli hakuna mkono pale, ni sintesaiza ya Moog, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, lidude kama kabati la nguo limejaa nyaya, fundi Robby Wedel ndo alikuwa analielewa. Ukilipiga muda kidogo tu sauti inaanza kuteleza, ikabidi warekodi vipande vipande. Ukiacha sauti ya Donna, kitu cha mkono mule ndani ni lile dum la mguu, kalipiga Keith Forsey maana mashine iligoma kutoa dum lenye uzito.

Hapo ndo urudi nyuma sasa. Jamaa kazaliwa 26 Aprili 1940 Ortisei, milimani kaskazini mwa Italia, kule mtu anakua na Kiladino (lugha ya wenyeji wa milima hiyo), Kijerumani na Kitaliano vyote mdomoni. Kaanza kama mpiga gitaa wa kuzunguka, akaenda Berlin, akatulia Munich, akafungua studio ya Musicland chini ya jengo la hoteli, akiandika na Muingereza Pete Bellotte. Sikiliza Son of My Father, ile sintesaiza inayolia kama filimbi imekasirika, bendi ya Chicory Tip ilipoirudia 1972 ikakamata namba moja Uingereza.

Ikifuata Love to Love You Baby ya 1975, ya Donna huyo huyo, tafadhali USIIWEKE sebuleni wakwe wakiwepo, mi nimeshakuonya. Ni karibu dakika 17, upande mzima wa sahani, kisa bosi wa lebo Neil Bogart aliipiga kwenye pati yake watu wakawa wanataka irudiwe tu, akaomba irefushwe. Ndo uone disko ilivyo, kinachoamua urefu wa wimbo ni watu waliosimama kucheza, redio baadae.

Kumsikia mwenyewe akiimba nenda From Here to Eternity, 1977 tena. Sauti kaipitisha kwenye vokoda, mashine ya kugeuza sauti, inatoka kama roboti anayebembeleza. Upande wa kwanza nyimbo zimeunganishwa hazikatiki, kwa hiyo zima ile ya kuchanganya nyimbo, na kama bando lako ni la kukatakata pakua kwanza, ikikwama katikati imeharibika yote.

Filamu pita haraka, Oscar tatu anazo, Midnight Express, Flashdance na Top Gun. Mi naipenda The Chase ya hiyo Midnight Express, zingine nyororo mno kwangu, ila Take My Breath Away ya Top Gun mama zetu hawatanisamehe nikiisema vibaya. Na wale wa Italia 90, ya Roger Milla kucheza kwenye kibendera, ule wimbo wa mashindano muziki wake ni wa huyu huyu.

Mwisho kabisa ndo uweke ile ya Daft Punk, wale Wafaransa wawili wa muziki wa mashine, ya 2013, Giorgio by Moroder, dakika tisa, wengi wanaanza na hii alafu hawaelewi mzee anaongelea nini. Anasimulia alivyokuwa akipiga muziki usiku analala kwenye gari, alafu anafika kwenye "klik" waliyoiweka kwenye tepu ya treki 24. Hiyo klik ndo iliyokuwa inaliongoza lile kabati la nyaya lisitoke kwenye mwendo, na ukiwa bado na hedifoni utaisikia inaanza kugonga.